Lagos ilipopiga marufuku vyombo vya povu, gharama ilimwangukia nani?

Katika miji mingi ya Afrika, ukinunua wali na maharage ukasema unabeba, utawekewa kwenye kiboksi cheupe, chepesi kama unyoya. Wengine hukiita stairofomu. Ni plastiki iliyojazwa hewa mpaka sehemu kubwa ya kiboksi ikawa hewa tupu. Ndiyo maana ni rahisi na hutunza joto, na ndiyo maana pia ni balaa kikishatupwa.

Tarehe 21 Januari 2024, jimbo la Lagos nchini Nigeria lilivipiga marufuku. Kamishna wa mazingira, Tokunbo Wahab, alitangaza kwamba amri inaanza papo hapo. Sababu aliyoitoa inaeleweka kwa yeyote aliyeona mtaro uliofurika: vyombo hivyo huziba mifereji, na Lagos ni jiji la tambarare kando ya bahari, ambako mvua kubwa ikinyesha maji hukosa pa kwenda.

Neno "papo hapo" ndilo lililoleta kelele. Mama lishe aliyenunua mzigo wa vyombo wiki ile angevipeleka wapi? Siku chache baadaye serikali ililegeza na kutoa wiki 3 za kumaliza akiba. Zimbabwe nayo ilipitia njia hiyo hiyo mwaka 2017: marufuku ya ghafla mwezi Julai, malalamiko, kisha wafanyabiashara wakaongezewa muda. Kwa maoni yetu, muda huo ulipaswa kutolewa tangu mwanzo. Mkahawa mkubwa unaweza kubadilisha vyombo kwa simu moja, lakini anayepika sufuria mbili kwa siku hawezi.

Kisha likaja swali la nini kitumike badala yake. Bakuli la plastiki ngumu ni ghali kuliko kiboksi cha povu, na tofauti hiyo ama huongezwa kwenye bei ya chakula ama humega faida ya muuzaji. Nalo bakuli bado ni plastiki. Linaoshwa na kutumika tena, hilo ni kweli, lakini likitupwa baada ya mlo mmoja mtaro hautaona tofauti. Sisi Tanzania tunalijua jambo hili. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile mikubwa ilipungua kweli mitaani, lakini vifungashio vyembamba vya kuonesha vikaanza kubebea nyanya na dagaa sokoni.

Huenda msikilizaji wa kijijini akasema haya ni mambo ya mjini. Hapana. Povu hubebwa na upepo na maji, huvunjika kuwa punje ndogo, na punje hizo huishia shambani, mtoni na kwenye malisho. Kulikusanya ili litengenezwe upya hakulipi: gari zima hubeba uzito mdogo tu, tena vyombo vikiwa vimejaa mafuta ya chakula. Kwa hiyo wengi hulichoma. Moshi wake mweusi una kemikali iitwayo stairini, ambayo mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Tusivitumie kuwashia moto wa jikoni, hata kama vinashika haraka.

Kuna jambo moja la Lagos lililotufurahisha. Huko kuna chakula cha kunde zilizosagwa kiitwacho moi moi, ambacho tangu zamani hufungwa kwenye majani mapana na kupikwa humo humo. Bibi zetu nao wametumia jani la mgomba kufunikia na kufungia chakula, na halikuwahi kuziba mtaro wa mtu. Bila shaka jani halibebi mchuzi wa maharage kwenye bodaboda. Kwa mchuzi, anayekwenda mnadani asubuhi anaweza kubeba hotipoti yake, na muuzaji akikubali kupima humo, wote wawili wameokoa bei ya kiboksi.