Mgongo Hauharibiki kwa Siku Moja

Katika nchi ya chai, kutoka Kericho hadi Litein na Kapkatet, na kuteremka hadi Bomet, mtu akisema kwamba mgongo unamwuma hakuna anayestaajabu. Jirani humjibu kwamba ndivyo kazi ilivyo, au kwamba uzee umekwisha kubisha hodi, kisha mazungumzo huhamia kwenye bei ya majani mabichi. Jibu hilo limewadhuru watu wengi. Ni kweli kwamba uzee una sehemu yake, na kazi nayo ina sehemu yake. Lakini kati ya hayo mawili yapo mazoea ya kila siku, ambayo mtu aweza kuyabadili akitaka.

Maumivu haya si ya watu wa Kapkatet peke yao. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu wengi zaidi washindwe na shughuli zao. Katika wagonjwa 10, karibu 9 hawaonekani kuwa na mfupa uliovunjika wala ugonjwa maalumu. Kiuno chao kimechoshwa kidogo kidogo, kwa miaka mingi, na siku moja kikakataa.

Yafaa kufahamu jinsi mgongo ulivyoundwa. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na chini yake mifupa iliyoungana. Kati ya pingili na pingili mna kitu laini, mfano wa mto mdogo, kinachopokea uzito na mishtuko. Mito hiyo kwa mtu mzima haina mishipa ya damu ya kutosha ndani yake. Hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiliwa, yaani kwa mwendo wa mwili. Kwa hiyo mambo mawili huudhuru mgongo: kuulemea kupita kiasi, na kuuacha ukae pahali pamoja kwa muda mrefu. Mkulima huangukia katika kosa la kwanza, na karani katika la pili.

Mchumaji wa chai hurudi kwenye kichaka kile kile kila baada ya siku 7 hadi 14, akitafuta majani mawili na chipukizi. Siku nzima ameinama kidogo, mikono imenyoshwa mbele, na kapu mgongoni linazidi kuwa zito. Chai iliyopogolewa karibuni ni fupi, nayo humlazimu mtu mrefu ainame zaidi. Hapo kuna jambo ambalo kila mkulima analijua kwa mkono wake. Mtu akishika jembe kwa ncha ya mpini, huliona zito kuliko akilishika karibu na chuma. Uzito wa jembe haukuongezeka. Ulioongezeka ni umbali. Vivyo hivyo, tita la kuni au gunia la majani linaloinuliwa mbali na kifua huelemea kiuno mara nyingi zaidi ya lile lililokumbatiwa.

Basi mchumaji mwenye busara husogea karibu na kichaka badala ya kujinyosha. Anapogeuka, hugeuza nyayo zake, hapindi kiuno peke yake. Anapoinua mzigo, hukunja magoti, huukaribisha mwilini, kisha huinuka pole pole. Hangoji kapu lifurike ndipo alimwage; na ikiwa kituo cha kuuzia majani si mbali, huona afadhali safari mbili za kilo 10 kuliko safari moja ya kilo 20. Kila baada ya muda husimama wima, akaweka mikono kiunoni na kujinyosha kwa nyuma mara chache. Huo si uvivu. Ni kuutunza mtambo usioweza kununuliwa dukani.

Hapa yapasa kusema neno kwa wenye mashamba. Katika nyumba nyingi, malipo ya majani na bonasi ya mwisho wa mwaka huja kwa jina la mwenye shamba, lakini mgongo uliochuma majani hayo aghalabu ni wa mke wake, au wa kibarua. Mwenye shamba anayehesabu kilo bila kuuliza habari za kiuno cha mchumaji, hesabu yake imepungua. Mke akilala kitandani mwezi mmoja kwa maumivu, si majani tu yatakayokomaa bila kuchumwa; maji hayatatekwa, ng'ombe hawatakamuliwa kwa wakati, na karo ya watoto itachelewa.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumwumiza, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yaeleza njia ya kudai fidia. Jambo hili limefika mbali. Mwaka 2022 mahakama mjini Edinburgh, Scotland, iliwaruhusu wachumaji wa mashamba makubwa ya Kericho kuleta madai kwa pamoja, wakisema kwamba kazi imewaumiza migongo na viungo. Na mwaka 2023 majaji wa rufani wa huko wakasimamisha shauri hilo ili njia ya sheria ya Kenya itangulie. Lakini mkulima mwenye shamba lake dogo hana wa kumshtaki. Mwajiri wake ni yeye mwenyewe, na kama hajihurumii, hakuna hakimu atakayemhurumia.

Karani asidhani kwamba yeye amesalimika kwa kuwa kazi yake ni ya kivulini. Huketi asubuhi hadi jioni, mabega yameinama juu ya meza, kisha hupanda pikipiki hadi nyumbani, na usiku shingo yake imeinamia simu. Misuli isiyotumiwa hulegea, na misuli iliyolegea haiwezi kuushika mgongo. Dawa yake haina gharama. Na ainuke kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda dirishani na kurudi. Kiti chake kiwe na egemeo la kiuno, na nyayo zikanyage sakafu. Watu wazima washauriwa kufanya mwendo wa kuchangamsha mwili kwa dakika 150 au zaidi kila juma; kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano, kwatosha kutimiza hesabu hiyo.

Yako pia mazoea ya nyumbani yanayowahusu wote. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na msichana anayelibeba kila siku kwa mkono mmoja hupindisha mgongo wake upande mmoja. Madumu mawili madogo, moja kila mkono, ni afadhali. Unene wa tumbo huvuta kiuno mbele kutwa nzima. Sigara nayo, ambayo wengi huidhania adui wa mapafu tu, hupunguza damu inayolisha ile mito ya uti wa mgongo. Na mtu asiyelala vya kutosha, au mwenye mashaka mengi moyoni, huyasikia maumivu kwa ukali zaidi.

Je, maumivu yakiisha kuingia? Zamani, katika miaka ya 1950 na baadaye, mgonjwa wa kiuno aliamriwa alale kitandani siku nyingi. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wao: walioagizwa kulala siku 2 walirudi kazini mapema kuliko walioagizwa siku 7, wala hawakupata madhara yoyote kwa sababu hiyo. Tangu hapo shauri limebadilika. Mwenye maumivu ya kawaida apunguze kazi nzito, lakini aendelee kutembea na kufanya shughuli nyepesi. Wengi hupata nafuu katika majuma machache. Vidonge vya maumivu visifanywe chakula cha kila siku, kwani baadhi yao, vikimezwa muda mrefu bila shauri la daktari, huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Hata hivyo, kuna dalili zisizongoja. Mtu aliyekufa ganzi katikati ya mapaja, aliyeshindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au ambaye mguu wake umepoteza nguvu, apelekwe hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo aliyeumia mgongo kwa kuanguka. Maumivu yanayofuatana na homa, jasho la usiku au kukonda yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo, au bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kwa njia ya maziwa yasiyochemshwa. Kwa sababu hiyo maziwa yote yachemshwe, hata yale yatakayotiwa kibuyuni kuwa mursik. Mgonjwa wa namna hii asikandwe kwa mafuta miezi sita. Aende katika hospitali ya Kapkatet, au iliyo karibu naye, apimwe.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mkulima hangojei mchai ukauke ndipo auwekee mbolea, wala hangojei paa lianguke ndipo abadilishe bati lililotoboka. Na autendee mgongo wake vivyo hivyo, na wa mkewe, na wa kibarua wake. Chai iliyozeeka yaweza kung'olewa na kupandwa nyingine mahali pake. Mgongo haupandwi mara ya pili.