Darsa la Qur'an Lisirekodiwe Gizani

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, waumini wa Ugalla wanaijua gharama ya kuwa mbali na mwalimu. Reli ya Kaliua hadi Mpanda inavuka Mto Ugalla, lakini treni haimfikishi sheikh katika kila kijiji kila jioni, na mvua zikinyesha njia hugeuka matope. Kwa hiyo darsa lililorekodiwa kwa kompyuta na kutumwa kwa simu ni neema kubwa. Kinachosikitisha ni kuwa neema hii inachezewa. Video nyingi zinazosambazwa zina giza, ukungu na mikatiko, na uso wa mwalimu huonekana kama kivuli.

Wapo wasemao kuwa sauti ikisikika yatosha. Hoja hiyo haisimami mbele ya elimu ya tajwidi. Qur'an hupokewa kutoka kinywani mwa mwalimu, mwanafunzi akisikia na kuona. Katika Sura Yusuf, aya ya 11, moja ya njia mbili za usomaji wa Hafs ni ishmamu: msomaji huikusanya midomo kama atamkaye dhuma, bila kuitoa sauti yake. Jambo hilo hujulikana kwa macho. Mwanafunzi asiyeiona midomo ya mwalimu atajifunza nini hapo?

Je, kosa ni la kamera? Aghalabu silo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alibainisha katika Kitab al-Manazir kuwa tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Alichunguza pia nuru ipitayo katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza, msingi uleule wa kamera ya leo. Umma uliomtoa mwanachuoni huyo unamketishaje mwalimu wake akiipa dirisha mgongo? Kamera huupima mwanga mkali wa nyuma, ikaupunguza, na uso ukabaki mweusi. Chumba kikiwa na giza, kila picha huhitaji muda mrefu zaidi kupokea nuru. Badala ya picha 30 kwa sekunde, kamera huweza kushuka hadi 15, na midomo inayotembea ikawa ukungu.

Dawa yake si ghali. Mwalimu aelekee dirishani, au taa iwekwe mbele yake. Kioo cha kamera kifutwe kwa kitambaa laini. Kamera iwe usawa wa macho, karibu kiasi cha kuiona midomo. Mistari ikipita katika picha chini ya taa za tyubu, kamera ipangwe kwenye hezi 50, kwani ndio umeme wa Tanzania. Mtandao ukiwa dhaifu, programu za mikutano hupunguza zenyewe ubora wa picha. Basi somo lirekodiwe kwanza ndani ya kompyuta, kisha litumwe mtandao utakapotulia.

Katika hayo yote, ni lipi linalohitaji mfadhili? Ni wepesi kwa kamati kuchangisha waumini fedha za kamera mpya, nayo ikafungwa mahali palepale penye giza. Mchango wa Waislamu ni amana.

Mrina asali wa Ugalla huichuja asali yake kabla ya kuipeleka sokoni, kwa kuwa mnunuzi hatakubali masega na majivu. Kwa nini elimu ya dini ndiyo ipelekwe bila kuchujwa? Tunatoa wito kwa kila kamati ya msikiti iteue vijana wawili, warekodi dakika moja ya majaribio kabla ya darsa, waitazame, warekebishe, ndipo sheikh aanze. Kufanya kazi kwa ukamilifu ni katika ihsani, na mwanafunzi aliye mbali ana haki juu yetu.

Wabillahi tawfiq.