Aliyeanzisha Dawa Aseme Itakavyoachwa

Miongoni mwa majeruhi wanaopewa ruhusa hospitalini baada ya kupasuka fuvu au kutikisika ubongo, na wengi wao siku hizi ni vijana walioanguka na pikipiki, ni wachache mno waendao kwao wakijua siku ambayo vidonge walivyofungiwa vitakoma, na kwa utaratibu gani. Bahasha moja imeandikwa 1x3, nyingine 1x1 usiku, na muuguzi kwa hisani yake ameeleza ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya kulalia. Walakini juu ya mwisho wake hapana neno lililoandikwa wala lililosemwa, na jamaa hupanda basi la kurudi Lindi au Tanga wakidhani ya kuwa bahasha ikiisha, maradhi nayo yamekwisha. Dai langu ni moja, nalo nalisema kwa moyo mzito: kumwachisha dawa mtu aliyeumia kichwa ni sehemu ya matibabu yake, na tabibu aliyemwanzishia dawa hiyo anawajibika kumwandikia pia namna ya kutoka kwake.

Dawa ambayo aghalabu hupewa majeruhi wa namna hii ni ya kuzuia mishtuko ya kifafa, ama fenitoini ama fenobabitoni, kwani ubongo uliojeruhiwa huweza kumwangusha mtu katika siku za mwanzo, na huko kuanguka huuzidishia ubongo madhara. Hekima ya kuitoa katika siku hizo haina shaka. Mwaka 1990 Nancy Temkin na wenzake wa Seattle, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya majeruhi 404 walioumia vibaya kichwani, ambao baadhi yao walipewa fenitoini na wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake: katika juma la kwanza mishtuko iliwapata asilimia 3.6 ya wale wa kwanza na asilimia 14.2 ya wale wa pili, tofauti ambayo hapana tabibu awezaye kuipuuza. Lakini tangu siku ya 8 na kuendelea faida ile ikatoweka, na waliomeza dawa hawakusalimika zaidi ya wasiomeza. Fauka ya hayo, katika wale walioumia zaidi, waliokuwa wakimeza fenitoini walionekana baada ya mwezi mmoja kuwa wazito wa fikira kuliko wenzao walipopimwa akili. Ndiyo sababu miongozo ya matabibu wa ubongo husema kinga hiyo ni ya siku 7, na kwamba majeruhi ambaye hajapata kuanguka kifafa hana haja ya kubaki nayo miezi na miaka.

Hapa ndipo penye fundo. Kijana ambaye kinga yake ilipasa kukoma baada ya juma moja, akasahauliwa nayo nusu mwaka kwa kuwa kila aliyemwona kliniki alinakili tu alichoandika mwenzake, hawezi tena kuambiwa aiache leo, maadamu ubongo wake umekwisha kuizoea. Na fenobabitoni ikikatwa ghafula huweza kumwangusha hata mtu ambaye asingeanguka lau hakupewa kabisa. Tena dawa hii hutoka mwilini polepole, hata nusu ya kiasi chake huchukua siku tatu au nne kuondoka, au zaidi. Kwa hiyo anayeiacha Jumatatu huamka Jumatano akiwa mzima na macho maangavu, jamaa zake wakamshukuru Mola kwamba usingizi ule umemwondoka, kumbe balaa limo njiani, nalo humfika siku kadhaa baadaye, pengine akiwa juu ya mnazi au ndani ya ngalawa, wakati ambapo hapana tena anayekumbuka habari ya vidonge. Nahodha aingiaye bandarini hakati henza ili tanga lishuke; huilegeza mkono kwa mkono, jicho li kwenye upepo, na akihisi chombo kinayumba husita. Ndivyo inavyopasa kwa dawa hizi: hupunguzwa sehemu ndogo, mtu akaangaliwa kwa majuma, ikapunguzwa nyingine, na dalili zikirudi hurejeshwa kipimo cha nyuma pasipo aibu wala lawama.

Katika duka moja la dawa mjini Lindi nalimsikia mama mmoja wa makamo akizungumza na kijana muuzaji, mkononi ameshika bahasha tupu iliyokunjwa mara nne.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hii. Kijana wangu zimemwishia tangu juzi, naye asema zinamlevya, hazitaki tena. Nimwachie?”

“Mama, hapa pameandikwa moja mara tatu. Mpaka lini, hapakuandikwa. Ingefaa arudi kwa daktari wake.”

“Daktari wake yuko Dar es Salaam, baba. Nauli ndiyo hiyo tuliyorudia.”

Muuzaji yule hakuwa na kosa, kwani alikataa kusema asilolijua. Wala mama hakuwa na kosa. Kilichokosekana baina yao ni mstari mmoja wa maandishi ambao mtu fulani, katika wodi iliyojaa, hakuuandika.

Kinacholifanya jambo hili kuwa gumu kuliko kuacha dawa ya maradhi mengine ni kwamba kiungo kilichoumia ndicho kile kile kinachotakiwa kutoa ushahidi. Fenobabitoni humfanya mtu mzito, msahaulifu na mwepesi wa hasira. Jeraha la ubongo nalo, peke yake, huyaleta hayo hayo. Na kupunguzwa kwa dawa kwaweza kumkosesha usingizi, kumtia wasiwasi na kumtetemesha mikono, hata asijue yeye wala jamaa zake lipi limetokana na lipi. Kwa hiyo majeruhi asiachiwe awe hakimu wa nafsi yake, si kwa kumdharau, bali kwa kumhurumia. Mkewe, au mama yake, au ndugu alalaye naye chumba kimoja, awe na daftari la shule la bei rahisi, aandike tarehe ambayo kipimo kilibadilishwa, vidonge vilivyomezwa, usingizi ulikuwaje, kichwa kiliuma au hakikuuma, na kama palikuwa na dakika alizokodoa macho asiitikie. Na daftari hilo liende kliniki pamoja na kadi. Zisipunguzwe dawa mbili kwa wakati mmoja, kwani likitokea la kutokea haitajulikana ni ipi iliyolileta. Miezi hiyo asikwee mnazi, asiende kuvua peke yake, asiendeshe pikipiki, asikae pweke mbele ya jiko la kuni, wala asiguse pombe. Na akianguka mshtuko ukapita dakika 5, apelekwe hospitali pasipo kungoja.

Yuko majeruhi wa namna nyingine, ambaye kifafa kilimwandama baada ya lile juma la kwanza, miezi au hata miaka tangu ajali, na huyo hesabu yake ni ya miaka. Nchini Uingereza ulitangazwa mwaka 1991 uchunguzi wa watu 1,013 wenye kifafa cha asili mbalimbali, waliokwisha kukaa angalau miaka 2 bila kuanguka, ambao baadhi waliendelea na dawa na wengine wakapunguziwa polepole: baada ya miaka 2 mingine, waliosalimika walikuwa asilimia 78 ya walioendelea na asilimia 59 ya walioacha. Yaani wapo wengi wawezao kuacha, na wapo wengi wawezao kuanguka hata wakiendelea. Shauri la namna hii ni la mgonjwa na tabibu wake wakiwa wameketi, maana dereva wa lori, mkwezi na mke mchanga anayetazamia kuzaa hawapimi hatari kwa kipimo kimoja.

Lakini ni shauri gani liwezalo kufanywa pale ambapo ghala la dawa limekauka? Likikauka, mgonjwa amekwisha kuachishwa ghafula ingawa hapana aliyeamuru. Nchi hii ina ushahidi wake juu ya maisha ya watu wenye kifafa, tangu daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipofungua kliniki ya kifafa huko Mahenge. Na mwaka 1992 yeye na mwenzake Rwiza wakatangaza habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30, ambao thuluthi mbili yao walikuwa wamefariki, na katika sababu za vifo hivyo ni mishtuko isiyokatika, kuzama majini na kuungua moto. Sidai kwamba kila mmoja wao aliuawa na ukosefu wa vidonge. Nadai kwamba mwenye kujua habari hizo hawezi kuiita fenobabitoni kuwa dawa ya kupatikana leo na kukosekana kesho.

Dawa nyingine nitazigusa kwa ufupi. Deksamethasoni iliyomezwa kwa majuma kadhaa huzilaza tezi zilizo juu ya mafigo, na ikikatwa kwa ghafula mwili hukosa nguvu ya kustahimili hata homa ndogo. Na dawa za maumivu, hata zile za kawaida kama parasetamoli, zikimezwa siku 15 au zaidi katika kila mwezi kwa miezi mitatu, huweza zenyewe kuwa chanzo cha kichwa kuuma, na mgonjwa akaongeza vidonge kulitibu lile ambalo vidonge vimelileta.

Naiomba Wizara ya Afya, na kila hospitali ya rufaa inayopokea majeruhi hawa, karatasi ya ruhusa iwe na nafasi ambayo haiwezi kuachwa wazi: dawa hii ni ya nini, itakoma lini, na kama ni ya kupunguzwa, ipunguzwe kiasi gani kila baada ya majuma mangapi, pamoja na namba ya simu ya kliniki inayopokelewa. Nakala yake ipelekwe hospitali ya wilaya atokayo mgonjwa, na tabibu wa huko apewe idhini na maelekezo ya kuusimamia upunguzaji huo mwenyewe, ili mtu wa Liwale au wa Kilwa asilazimike kusafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kupunguziwa nusu kidonge.