*RISITI YA DAFTARI INAMLISHA DALALI*

*Msimamo wa tawi kuhusu risiti na ankara za kielektroniki*



Ofisi ya tawi imepokea maswali mengi kutoka kwa wenye maduka, gereji na vikundi vya mboga. Swali ni lile lile: tuendelee na kitabu cha risiti cha mkono au tuingie kwenye mashine? Msimamo wetu ni kwamba tuingie, tena kabla ya kusukumwa. Serikali nayo ina wajibu wake, na tutaudai.

*Hali ilivyo*

Mashine za EFD zilianza nchini mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT, kisha zikawafikia wengine. Sasa zinamhusu mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 11 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, unapata kama 30,000 kwa siku. Hayo ni mauzo, siyo faida. Muuza nafaka wa Kilombero anaweza kuyafikisha kabla ya saa nne asubuhi. Tusijidanganye kwamba hili ni jambo la wenye maghala ya Unga Limited peke yao.

Wengine wanaogopa: "Nikichukua mashine nitatozwa VAT asilimia 18." Kuwa na mashine na kusajiliwa VAT ni mambo mawili tofauti. Tangu Julai 2023, kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT ni milioni 200 kwa mwaka. Wengi wetu hatujafika huko.

*Kwa nini tuingie*

Arusha inakula kwa utalii. Hoteli, kampuni za safari na shule ndizo zinazonunua kwa wingi mboga, mayai na huduma za mafundi wetu. Mhasibu wao akipewa karatasi ya mkono, hana cha kumwonyesha mkaguzi, hivyo anatafuta muuzaji mwingine. Kikundi kimoja cha akina mama wa tawi hili kimepoteza oda ya kila wiki kwa sababu hiyo. Mboga zao hazikuwa na kasoro yoyote. Oda ilikwenda kwa dalali mwenye mashine. Sasa ananunua kwao kwa bei ya shambani na kuuza kwa bei ya hoteli. Tofauti hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto wetu.

Zabuni za Serikali nazo sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, na sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kikundi kisicho na TIN wala kumbukumbu za mauzo kitabaki kuisikia fungu hilo redioni.

Kuna wanaosema mashine ni kujipeleka wenyewe TRA. Tunawauliza: afisa akikukadiria kodi kubwa, unajitetea kwa nini? Mwenye daftari anajitetea kwa mdomo. Mwenye ripoti za Z za kila siku anaziweka mezani, na hesabu inazungumza.

*Tunachoidai Serikali*

1. *Gharama.* Mashine ni laki kadhaa. Upo mfumo wa VFD unaotumia simu au kompyuta. Tunataka mfanyabiashara mdogo aupate bure. Vuka Namanga tu: KRA ya Kenya inatoa mfumo wa eTIMS bila malipo, na mwenye biashara ndogo anatoa ankara kwa simu yake.

2. *Elimu kabla ya faini.* Kariakoo ilifunga maduka Mei 2023, ikafunga tena Juni 2024, na kamatakamata ilikuwa miongoni mwa malalamiko. Afisa aje sokoni kufundisha kwanza.

3. *Mtandao na umeme.* Huku juu Mlima Meru mtandao unakatika. Mfanyabiashara asiadhibiwe kwa kosa la mnara.

*Tunachowadai wanachama*

1. Acheni bei mbili, ya risiti na ya bila risiti. Anayekuuliza "na risiti au bila?" anakuuzia hasara yako ya kesho.

2. Toa risiti pale pale unapouza. Kuandika daftarini mchana kutwa na kuingiza jumla jioni ni kufanya kazi mara mbili, na mteja wa mchana ameshaondoka bila risiti.

3. Risiti ya mashine hufifia kwa joto, na sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Ipige picha siku ile ile. Namba ya uhakiki ikisomeka, risiti inahakikiwa kwenye mfumo wa TRA.

4. Mashine ikiharibika, toa taarifa TRA mara moja na utunze ushahidi wa taarifa hiyo.

5. Ukinunua, dai risiti. Sheria inambana mnunuzi pia.

Vikundi visivyo na TIN vilete majina ya viongozi wao kwa wajumbe wa mashina wiki hii. Ofisi ya tawi itakaa na kila kikundi kupanga hesabu na kujaza fomu, bila malipo. Tutaanza na kikundi kilichopoteza oda, ili kikaidai tena hotelini kikiwa na risiti mkononi.

Tafadhali sambaza kwenye magrupu ya mashina.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*