Chombo Kisichovuja: Fundi wa Bati na Somo la Hisabati

Mwanachuo apewapo somo la mcheduara katika mazoezi ya kufundisha, kwa kawaida huchora umbo ubaoni, huandika kanuni, kisha huwataka watoto watafute mzingo na ujazo. Jibu likilingana na la kitabu, alama ya vema huwekwa na somo hufungwa. Sisi twaona kwamba hapo somo halijafungwa, bali ndipo linapoanza. Mwalimu wa shule za Kariakoo na mitaa ya jirani anaye msaidizi mkubwa ambaye hamtumii, naye ni fundi wa bati.

Upande wa Gerezani, si mbali na soko la Kariakoo, ufundi huu umekuwapo kwa miaka mingi. Vifaa vyake ni vichache: mkasi wa bati, nyundo, bikari, chuma cha kulehemu, na pengine kipande cha reli kilichofanywa fuawe. Kwa vifaa hivyo hutengenezwa ndoo, makarai, masanduku na majiko ya mkaa. Watoto wetu hupita mbele ya kazi hiyo asubuhi na jioni, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa darasani.

Tuchukue mfano mmoja. Mteja anataka chombo cha mviringo chenye kipenyo cha sentimeta 28 na kimo cha sentimeta 30. Tukitumia pai ya 22/7, mzingo wake ni sentimeta 88, na ujazo wake ni sentimeta za ujazo 18,480, yaani lita 18 na nusu hivi. Kiasi hicho kinakaribiana na debe la zamani la galoni 4, ambalo lilitumika sana kupimia nafaka sokoni. Mtoto aliyepata 88 amepata jibu sahihi. Lakini fundi akikata bati la urefu wa sentimeta 88 hatapata chombo, kwa maana ncha mbili za bati zitagusana tu bila kushikana. Hana budi kuongeza sehemu ya mkunjo, ili ncha moja iingie ndani ya nyingine, zigongwe pamoja, kisha zilehemiwe. Mkunjo wenye upana wa sentimeta 1 huhitaji nyongeza ya sentimeta 3 hivi, upande mmoja ukitoa moja na wa pili ukitoa mbili. Kwa hiyo bati la kukatwa ni sentimeta 91. Kitako nacho hukatwa kikubwa kuliko kipenyo cha sentimeta 28, ili ukingo wake upate kukunjwa na kushika ubavu.

Sentimeta hizo 3 hazimo katika kanuni. Mwalimu akiwauliza watoto zimetoka wapi, atakuwa amewafundisha kufikiri, wala si kukariri.

Tatizo la maungio si la bati peke yake. Kila chombo cha maji kilichoundwa kwa vipande kina swali hilo hilo: maji yatazuiwaje yasipite? Mafundi wa Japani, ambao tangu zamani hutengeneza mapipa ya mbao ya kuogea, wamelijibu kwa njia nyingine. Mbao husimamishwa kwa duara zikabanwa kwa pete za mianzi au za shaba. Pipa likijazwa maji, mbao huvimba na maungio hujifunga. Likiachwa kavu kwa muda mrefu, mbao husinyaa na pipa huvuja. Hapo pana hisabati pia. Pipa la mbao 20 zenye upana sawa huigawa duara ya nyuzi 360 katika mafungu ya nyuzi 18, na kila ukingo wa ubao huchongwa kwa mwinamo wa nyuzi 9.

Nasi watu wa pwani hatuko mbali na elimu hiyo. Waundaji wa majahazi hushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, kazi iitwayo kukalafati, na mbao zenyewe huvimba zikiingia majini. Hivyo swali moja limepata majibu matatu: bati hukunjwa, ubao huvimba, pamba hushindiliwa. Ni somo gani la sayansi lililo bora kuliko hilo kwa mtoto wa Dar es Salaam?

Wapo watakaosema kwamba vipindi havitoshi, watoto ni wengi, na bati lina makali. Hoja hizo ni za kweli, lakini hazizuii kazi. Si lazima darasa zima lihamie karakana. Mwalimu na atangulie peke yake, aombe ruhusa kwa adabu, aangalie na kuuliza. Kisha darasani watoto watumie karatasi ngumu au maboksi mahali pa bati, na gundi mahali pa lehemu, maana lehemu nyingi zina risasi, ambayo ni sumu. Vyombo vyao vijazwe mchanga mkavu na kupimwa. Kikivuja, kikundi kitafute sababu.

Lipo onyo moja. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka kazi na fikra viende pamoja. Mahali pengi agizo hilo liligeuka kuwa jembe na fagio. Mtoto anayepelekwa kwa fundi kusomba mabati hajafundishwa kitu. Anayepelekwa kuuliza na kupima ndiye aliye masomoni.

Jambo hili si dogo. Ndoo na mabeseni ya plastiki yamechukua nafasi kubwa ya kazi ya fundi wa bati. Wakati huo huo bado tunasikia watoto wakitishwa kwamba wasiposoma wataishia kugonga bati. Mtoto wa fundi akisikia maneno hayo kwa mwalimu wake, hujifunza kumdharau baba yake. Tangu 2024 elimu ya sekondari imekuwa na mkondo wa amali. Ikiwa shule ya msingi imekwisha kupanda dharau, watakaoingia mkondo huo watajiona waliotupwa, hata wakiwa na vipaji.

Ndugu wanachuo, kabla ya mazoezi yenu yajayo ya kufundisha, tafuteni fundi mmoja aliye karibu na shule mtakayopangiwa. Mwulizeni ameongeza kiasi gani kwa ajili ya mshono, na kwa nini. Andikeni jibu lake katika andalio la somo, palepale penye kanuni ya mzingo.