Kona ya Mvuvi: Spina na Ndoana Zake

Wenzangu, mmeniuliza mnunue spina ya namba gani. Kwa trauti wa Black Earth Creek, namba 0 au 1 yatosha. Namba 3 iwekeni kwa ajili ya besi wa Ziwa Mendota. Ikitua kwenye kijito chembamba ni kama umerusha jiwe. Maji yakiwa na tope kidogo, mimi hutumia kibati cha rangi ya dhahabu.

Rusha kuelekea mkondo unakotoka, kisha vuta kwa kasi kidogo kuliko maji, mpaka mkono usikie kibati kinatetema. Usiposikia, ujue hakizunguki, na hapo unaosha chuma tu.

Spina za Mepps hutengenezwa Antigo, hapa hapa Wisconsin, na nyingine hupambwa kwa nywele za mkia wa kindi. (Kindi wa chuoni wasiguswe, tafadhali.)

Ila tazameni ndoana. Mwezi Mei nilinasa trauti mdogo, wa kurudishwa majini. Ndoana ya meno matatu ilikuwa imemshika hadi kwenye matamvua. Nilihangaika na koleo, na nilipomwachia akaelea tumbo juu. Tangu hapo naondoa ile ya meno matatu, naweka ya jino moja, na kile kijino cha ndani nakibana kwa koleo. Wengine huchomoka wakaenda zao. Waende.

Jumamosi nina fimbo mbili za ziada. Njoo na leseni yako, na stempu ya trauti.