Mgeni anashiba ngoma, tumbo linabaki tupu

Shemeji yangu anaishi Kigoma. Mwaka jana, mwezi wa saba, alivuka mpaka pale Manyovu na watoto wake wawili kuja kutuona hapa Gitega, Burundi. Kabla hata hajavua viatu akauliza: "Shemeji, huku kwenu kuna nini cha kutazama?"

Nikampeleka Gishora, kwenye ngoma za kifalme, kama tufanyavyo sote. Vijana waliingia wamezibeba ngoma vichwani huku wakizipiga, na watoto wakasahau simu zao. Tulisimuliwa habari za Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo, za ngoma mbili takatifu zilizolala kwenye nyumba yao ya nyasi, na za UNESCO kuiandika ngoma yetu katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Kutoka hapo tukapitia makumbusho ya taifa, ambayo yako mjini tangu 1955. Saa nane mchana njaa ikatushika.

Tukaingia mkahawa mmoja, jina lake nitalihifadhi. Orodha ya vyakula: chipsi, omleti, mishikaki, kuku wa kukaanga, spageti. Nikaulizia maharage na ndizi. Binti aliyetuhudumia akacheka kwa adabu: "Mzee, maharage si utakula nyumbani?" Chipsi zikaja baada ya saa nzima na robo, zimepoa. Shemeji hakusema neno, lakini nilimwona akizihesabu.

Kesho yake nikasema basi, twende hukohuko nyumbani. Mama yangu alizaliwa Ryansoro, kusini mwa mji huu, ambako vilima vimepangana kama migongo ya ng'ombe waliolala. Watalii hawafiki. Hakuna kibao wala tiketi. Lami inaisha, vumbi jekundu linaanza, na kama petroli imeadimika, jambo tulilolizoea miaka hii, unapanda pikipiki ya mtu uliyemwomba tangu jana yake.

Mjomba wangu alitupokea chini ya mti wake wa umuvugangoma. Ndugu zetu wa Tanzania huuita mringaringa. Ndio mti unaochongwa ngoma, na jina lake la Kirundi lenyewe linaitaja ngoma. Shemeji ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo dakika kumi hazikupita wakawa wanataniana bila mkalimani. Shemeji alikuwa amemletea mjomba migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika. Mzee aliinusa kwanza, akaipeleka ndani mwenyewe, hakumwachia mtu.

Sasa niseme tulichokula. Maharage yalikuwa yamechemka tangu alfajiri katika chungu cha udongo, kazi ya mikono ya Batwa, na chungu hicho huyapa ladha ambayo sufuria haiijui. Mwishoni yakatiwa kitunguu na mawese ya Rumonge. Ndizi zilipikwa humohumo, zikanywa ule mchuzi hadi zikabadilika rangi. Pembeni kulikuwa na isombe, yaani kisamvu, kilichotwangwa mpaka kikalainika kama siagi, nyanyachungu ambazo sisi twaziita intore, na ugali wa muhogo mweupe unaovutika. Wakubwa wakaletewa mtungi wa impeke, pombe ya mtama, na mirija yake. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho ya wageni, ndipo mrija upite. Mimi ni Mwislamu, mrija huo hunipita. Mjomba anajua, na tangu utoto wangu huniwekea kibuyu cha maziwa ya mgando. Mdogo wa wale watoto wa Kigoma, aliyekuwa amekataa kuku wa mjini, alilamba sahani.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoandika makala haya. Kwa nini tumempeleka mgeni kuiona ngoma na kumficha chakula? Moja ya ngoma mbili za Gishora inaitwa Murimirwa, maana yake yule anayelimiwa. Nyingine, Ruciteme, ni yule ambaye msitu unafyekwa kwa ajili yake. Sherehe kubwa kuliko zote za wafalme wetu, umuganuro, ilikuwa ya kuzindua upandaji wa mtama, na ngoma ndizo zilizoutangazia ufalme wote. Enzi ya Wabelgiji ikaizima. Ukimwonyesha mtu ngoma bila kumwonjesha mtama, umemsimulia hadithi nusu.

Watu wa mjini hunijibu kwamba hicho ni chakula cha kimaskini. Mgeni atatucheka. Nawaelewa, kwa sababu nami nilikua nikifundishwa hivyo: mgeni akija, funika chungu cha maharage, tuma mtoto akanunue mkate. Aibu hii ni ya zamani na ni ya kweli, haiondoki kwa hotuba. Tazama kahawa. Vilima vya Ryansoro vina mibuni. Kahawa ya Burundi inashindanishwa kimataifa katika Cup of Excellence tangu 2012, lakini mjomba wangu, aliyeichuma maisha yake yote, anakunywa chai.

Wajapani walipata ugonjwa kama wetu wakajitibu. Huko Oita, mkoa wa milima ambao vijana walikuwa wakiukimbia, mji mdogo wa Oyama uliamua mwaka 1961 kupanda miti ya plamu na ya chestnut badala ya kung'ang'ania mpunga kwenye miteremko. Mwaka 1979 gavana Morihiko Hiramatsu akaugeuza mfano huo kuwa mpango wa mkoa mzima: kila kijiji kichague kitu kimoja cha kujivunia. Tangu 1993 wana vituo vya barabarani ambako msafiri anapumzika na kununua mboga, kachumbari na tambi za eneo lilelile. Leo vimezidi 1,200 nchi nzima. Msafiri wao anasimama kwa sababu anataka kula kinacholiwa hapo. Simwambii mtu wa Ryansoro awe Mjapani, na hatuna fedha za kujenga vituo vya namna hiyo. Chungu, kuni na maharage tunavyo.

Naomba mambo mawili tu. Wenye mikahawa ya Gitega, andikeni maharage na isombe juu kabisa ya orodha, kabla ya chipsi, na muyapike kwenye chungu. Na ninyi mnaowaongoza wageni, mkitoka Gishora msikimbilie barabara ya Bujumbura. Ongeeni na kaya mbili tatu za vilimani, zilipwe bei ya haki, wageni wale mchana huko. Malipo yaingie mkononi mwa mama aliyepika. Nimeona mara nyingi yakiishia kwa mwanamume aliyekuwa amekaa kivulini.

Shemeji amenipigia simu wiki iliyopita. Anakuja tena mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu na mtama ukiwa umevunwa. Safari hii analeta majirani wanne. Ngoma hakuiulizia. Aliuliza kama mjomba bado ana kile chungu.